Msafara wa stooni: je, kila mwenye mkia mtupu ni panya?

Swali la msomaji:

Asalaam alaikum, mtaalamu. Mimi ni mama wa nyumbani, nakaa Ng'ambo, Unguja. Juzi usiku nilifungua stoo kuchukua mchele, nikaona panya mkubwa anatoka nyuma ya gunia. Nyuma yake walikuwa wanne wadogo, kila mmoja amemng'ata aliye mbele yake karibu na mkia, wanakwenda kama kamba moja inayotambaa. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Mama mkwe anasema panya hawaendi hivyo, kuna mtu katutumia kitu. Mume wangu kanunua sumu. Hawa ni panya gani? Na mwanangu aliyekwenda Jozani na wenzake wa skuli anasema aliona "panya mwekundu mwenye pua kama mkonga". Na kaka yangu aliyeko Ohio katuma picha ya "panya" mkubwa kama paka, uso mweupe, kwenye pipa la taka. Wote wana mkia uleule. Ni ukoo mmoja?

Jibu:

Waalaikumu salaam, dada yangu. Kwanza nakuomba ile sumu iwekwe juu, mbali na watoto, na isifunguliwe mpaka umalize kusoma hapa. Ulichokiona stooni si panya. Huyo ni kirukanjia na wanawe, na katika wanyama wote wanne uliowataja au waliomo katika swali lako, hakuna hata wawili walio wa ukoo mmoja wa karibu. Mkia umekudanganya, kama unavyotudanganya sote.

Msafara ule ndio ulionipa jibu kabla sijafika mwisho wa barua yako. Mama mkwe wako amesema kweli kwamba panya hawaendi hivyo. Panya jike akiona kiota chake kimevamiwa huwabeba watoto mmojammoja mdomoni, kama paka. Kirukanjia ana njia yake. Gunia likisogezwa, taa ikiwashwa ghafla, mama huanza kuondoka, na mtoto wa kwanza hung'ata manyoya ya mama penye shina la mkia, wa pili humng'ata wa kwanza, wa tatu humng'ata wa pili, mpaka wote wawe safu moja. Wanashika kwa nguvu kiasi kwamba ukimnyanyua mama, safu nzima hunyanyuka naye. Hufanya hivyo wakiwa bado wananyonya, macho yao hayana nguvu na njia hawaijui. Kwa hiyo mwambie mama kwa heshima zote kwamba hakuna aliyetuma kitu. Wewe ndiye uliyemshtua mzazi aliyekuwa na watoto wachanga, naye akawatoa kwa njia aliyoumbiwa.

Huyu wako, kwa vile yuko mjini na ndani ya nyumba, karibu hakika ni kirukanjia mkubwa wa majumbani, ambaye wataalamu humwita Suncus murinus. Asili yake ni Asia ya Kusini. Alisafiri na binadamu katika vyombo vya biashara akashuka bandari baada ya bandari, na leo yuko Unguja, Pemba, Mombasa na kwingineko mwambao. Kusini mwa China na Taiwan humwita panya wa fedha, kwa sababu sauti yake anapokimbia kandokando ya ukuta hufanana na sarafu zinazogongana. Ukikaa kimya ukumbini usiku utaisikia hiyo sauti, nyembamba, ya harakaharaka. Sasa utajua ni nani.

Bara tunao kirukanjia wengi wadogo zaidi, wengine wepesi kuliko barua uliyoniandikia. Jina lao limetokana na imani ya zamani kwamba akivuka njia ya watu hufa. Watu hawakuizua bure. Kweli kirukanjia waliokufa huonekana mara nyingi katikati ya njia. Ila sababu ninayoiona mimi ni harufu yake. Ana tezi za miski ubavuni, na mnyama anayemkamata, akishamuua, humtema na kwenda zake. Kama una paka, huenda umewahi kukuta kirukanjia mzima kabisa ameachwa mlangoni, hakuliwa hata mguu. Ndiyo hiyo harufu. Inanisikitisha kwamba jina la kiumbe huyu mchapakazi limegeuzwa kuwa tusi kwa wanawake.

Unamtambuaje basi? Usianzie mkiani, anzia puani. Pua ya panya ni butu kiasi, macho yake makubwa meusi yanang'aa, na masikio yamesimama. Kirukanjia ana pua ndefu iliyochongoka inayochezacheza bila kutulia, macho madogo kama ufuta, na masikio yaliyolala kichwani. Halafu meno. Nilipokuwa nafundishwa kazi hii nilipewa vichwa viwili vilivyohifadhiwa na kibano, nikaambiwa nifungue midomo. Cha kwanza kilikuwa cha panya: meno mawili marefu juu, mawili chini, upande wa mbele yana rangi ya manjano inayokaribia chungwa, kisha nafasi tupu, kisha magego. Meno hayo ya mbele huota maisha yake yote, ndiyo maana lazima agugune, iwe mbao, iwe sabuni, iwe waya wa umeme. Cha pili kilikuwa cha kirukanjia. Hakuna pengo. Ni safu ya vimeno vyenye ncha, vimepangana kama meno ya msumeno mdogo, vimeumbwa kwa kuvunja magamba ya mende. Tangu siku ile sijawahi kuwachanganya hao wawili, na wala sidhani wewe utawachanganya ukishaona mara moja.

Hata mkia wenyewe, ukiutazama vizuri, si uleule. Wa panya ni mwembamba, una pete za magamba kutoka shinani hadi nchani. Wa kirukanjia wa nyumbani ni mnene shinani, mfupi kuliko mwili, na una vinywele virefu vilivyotawanyika, vimesimama mbalimbali kama vya brashi iliyochakaa.

Sasa nikae kidogo kwenye mkia, maana watu wengi huniambia kinachowachukiza kwa panya si meno wala wizi, ni ule mkia mtupu. Ule mkia ni chombo cha kazi, dada yangu. Panya hatokwi na jasho mwilini kama sisi. Joto linapozidi, mishipa ya damu mkiani hupanuka, damu ya moto hupita karibu na ngozi, na joto hutoka hewani. Ungekuwa na manyoya mazito, kazi hiyo isingewezekana. Baridi ikija, mishipa hujibana na joto hubaki mwilini. Na akipita juu ya kamba ya kuanikia nguo, mkia ndio mizani yake. Mtazame siku moja uone unavyoyumba upande wa pili kila mwili unapoelemea huku.

Kuna jambo moja la mkia nililijifunza kwa kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nikiwa kijana, nilimnyanyua panya shamba kwa ncha ya mkia ili nimpime uzito. Akajipinda mara moja, nikabaki na ngozi mkononi, imevuka kama soksi, na mnyama kaanguka mezani na mfupa wa mkia ukiwa wazi. Jamii nyingi za panya zimeumbwa hivyo, adui akishika mkia abaki na ngozi. Ngozi ile hairudi, na kipande kilichobaki wazi hukauka na kudondoka. Waambie watoto wasimshike panya kwa mkia, awe hai au amekufa. Kuna panya miiba huko Kenya ambao ngozi yao ya mgongoni pia huchanika kwa urahisi wa ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wanaweza kupoteza hata asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, na ngozi hiyo ikaota upya pamoja na manyoya yake, karibu bila kovu. Mkia uliokatika, hata kwao, hauoti tena. Wanasayansi wa mambo ya vidonda bado wanawachunguza, wakitafuta kujua ngozi yao inajua nini ambacho ya kwetu haijui.

Turudi kwenye swali lako la ukoo, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike kwa kirefu. Panya ni mgugunaji. Ukipanda mti wa nasaba za wanyama kufuata damu badala ya sura, tawi la wagugunaji linakutana mapema na tawi la nyani na binadamu. Kirukanjia yuko tawi lingine kabisa, pamoja na kalunguyeye na fuko wa Ulaya, na kwa mbali zaidi popo, paka na ng'ombe. Maana yake ni kwamba panya wa darini kwako ni jamaa wa karibu zaidi na wewe kuliko alivyo na kirukanjia wa stooni. Najua ni vigumu kulimeza, lakini ndivyo vipimo vya vinasaba vinavyosema.

Na yule wa Jozani? Mwanao ana macho mazuri, mpongeze. Aliyemwona ni sange, ambaye wengine humwita njule au isanje. Wa msitu wenu ana rangi ya kutu mbele na weusi kiunoni, miguu mirefu myembamba kama ya paa mdogo, na mkia mrefu mtupu wenye kipande cheupe karibu na ncha. Aliposema "pua kama mkonga" alikaribia ukweli kuliko alivyojua. Mwaka 1998 wataalamu wa vinasaba walilipa jina kundi zima la wanyama waliochipuka hapa Afrika, na ndani yake wamo tembo, pimbi, muhanga, nguva, na huyu sange. Yaani yule kiumbe wa karibu nusu kilo aliyekimbia kwenye majani makavu ni jamaa wa tembo na wa nguva wa kule Mafia na Kilwa, si wa panya. Bara, katika milima ya Udzungwa, spishi kubwa kuliko zote ya sange ilikuwa inaishi msituni bila sayansi kuijua hadi kamera za mitego zilipoipiga picha mwaka 2005. Ilitangazwa rasmi 2008, ina uso wa kijivu na uzito wa gramu 700 hivi. Na Kenya wanaye wao mwenye kiuno cha dhahabu, makao yake makubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke. Misitu hiyo yote ni vipande vidogo, na sange hawezi kuhamia shambani akaishi. Msitu ukikatwa, naye kwisha.

Wa kaka yako Ohio nitampitia kwa haraka. Ni oposamu. Jike ana mfuko tumboni wa kulelea watoto, kama kangaruu. Mimba yake haizidi wiki mbili, na mtoto huzaliwa akiwa na ukubwa wa nyuki, akatambaa mwenyewe hadi mfukoni. Kinywani ana meno 50. Mkia wake mtupu hushika kama mkono, na huonekana akibeba majani ya kiota ameyazungushia mkia. Akibanwa sana huanguka akajilegeza kama maiti. Mwambie kaka yako afunike pipa, amwache apite. Naye hana nasaba ya karibu na panya.

Nimuongeze mmoja usiyemtaja, maana bila shaka Ng'ambo mnamjua: panya buku. Mkubwa, anafika kilo moja na zaidi, mkia mrefu mtupu, mweusi shinani na mweupe sehemu ya mwisho. Huyu ni mgugunaji kweli, lakini hata yeye si wa familia moja na panya wa darini. Ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula, na pua yenye uwezo mkubwa wa kunusa. Hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akafichua mabomu ya ardhini na mabaki ya silaha zaidi ya 100 kabla hajastaafu 2021. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kupata heshima hiyo. Alikufa Januari 2022. Uwanja wa tenisi aliumaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma huweza kuifanya kwa siku nne. Hana uzito wa kulipua bomu analolikanyaga, ndiyo siri yake nyingine. Kuna watoto wa Kambodia wanaocheza kwenye ardhi iliyosafishwa na mnyama ambaye sisi tukimwona tunakimbilia mchi.

Sasa hatari, maana sitaki uondoke hapa ukidhani panya hana neno. Panya wa darini ana neno, tena kubwa. Ukinasa mmoja aliyekufa, mvalie glavu, umlaze, kisha uurudishe mkia juu ya mgongo kuelekea puani. Ukipita pua, huyo ni panya wa paa, mpandaji. Ukiishia njiani, ni panya wa kahawia, mchimbaji wa mitaroni, anayependa bandari. Panya wa paa tumekaa naye muda mrefu: mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, ile bandari iliyoshamiri zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Anakula nafaka, anakojolea asichokila, na mkojo huo ndio mbaya zaidi. Mwaka 2022 watu 20 waliugua katika Wilaya ya Ruangwa, Lindi, na 3 walikufa, kabla haijatangazwa kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Huko Lushoto tauni ilisumbua vijiji kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka ishirini, na viroboto wa panya ndio walioieneza.

Kirukanjia naye si malaika. Anaweza kubeba viroboto, na anaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda. Usimshike kwa mkono mtupu, na chakula alichokipitia kitupe. Lakini hali mchele wako. Anachokitafuta nyuma ya gunia ni mende, siafu, buibui, hata panya mchanga akimpata. Mwili wake unachoma chakula kwa kasi kubwa, hivyo hula usiku kucha. Ukimuua yeye, mende wanabaki.

Kwa hiyo sumu hapana. Punje za sumu hatazigusa kwa hamu, ila atakula mende walioila. Paka wako atakula panya aliyelewa sumu, na bundi vilevile. Na kama ile ni ya vipakiti visivyo na lebo inayouzwa barabarani, iondoe nyumbani kwako leo, maana nyingine ni dawa kali za shambani zilizopunguzwa na kufungwa upya, na mtoto akiila huenda msiwahi hospitali.

Fanya hivi. Mchele uhamishie kwenye pipa la plastiki au debe lenye kifuniko. Magunia yainue kwenye mbao, yakae mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Matundu ya chini ya mlango na penye mabomba yazibe kwa saruji au wavu wa chuma, lakini si kabla ya msafara wako kutoka. Mpe wiki mbili tatu. Watoto wataachishwa ziwa na watatawanyika wenyewe, kwa kuwa kirukanjia wakubwa hawapendi kukaa pamoja. Acha mwanya mmoja wazi upande wa uani, na mende wakipungua mama naye hatakuwa na sababu ya kubaki. Kwa panya wa kweli tega mtego wa kufyatuka kandokando ya ukuta, chambo kiwe kipande cha nazi kilichochomwa. Usiweke dagaa, utamnasa kirukanjia.

Na mwanao akirudi Jozani, mwambie afike asubuhi, asimame kimya pembeni ya njia asikilize. Sange akishtuka hupigapiga mkia wake kwenye majani makavu, taf, taf, taf, kabla hajakimbia. Akiusikia huo mlio, asisogee. Atazame chini, kwenye kichuguu cha majani kilichoinuka kidogo kuliko mengine: huenda ndicho kiota chake.